Hakuna Kumbeba Iria

"Hakuna kumbeba," Graciete alisema, na mlango wa gari hata ulikuwa haujafunguka vizuri. "Atakayemnyanyua huyu mtoto kabla ya maandamano ya Bikira, atakula mkate mkavu mpaka Ureno."

Walikuwa wameshaipita Bordeaux, Ufaransa, wamesimama kwenye maegesho ya barabara kuu kati ya malori, gari la viti saba limejaa mpaka masanduku mengine yamefungwa juu ya paa. Ukoo ukashuka ukijinyoosha. Rogério, mwanawe Graciete, aliyekuwa anaendesha tangu Luxembourg. Sónia mkewe, miwani ya jua juu ya nywele. Ermelinda, dada mkubwa wa Graciete, mwenye ulimi wa pilipili, na mumewe Horácio, ambaye alikuwa analala safari nzima na kuamka tu kuuliza kama wameshaingia Hispania. Wa mwisho kushushwa alikuwa Iria, mtoto wa Rogério na Sónia. Akawekwa kwenye nyasi. Akasimama imara kabisa, kama kigingi, akawaangalia mmoja mmoja, halafu akanyoosha mikono juu.

Kila mtu akajifanya anatazama malori.

"Mnaona anavyosimama?" Graciete akasema. "Bado kidogo tu."

"Mama, hiyo bado kidogo tu tunaisikia tangu Pasaka," Sónia akajibu.

"Na tangu Pasaka mnambeba. Mtu gani atatembea huku anapata usafiri wa bure?"

"Nani anambeba? Juzi nimekukuta jikoni unakoroga supu, yeye yuko kiunoni kwako."

"Supu ilikuwa ya moto," Graciete akasema, akafungua buti kutoa katlesi za samaki.

Sasa sikia jambo lenyewe. Iria alizaliwa Januari ya mwaka jana, kabla kabisa ya wakati wake, mdogo hata kofia ya mwanasesere ilimpwaya. Akalala ndani ya kisanduku cha kioo hospitalini, mipira imemwingia huku na huku. Graciete hakuruhusiwa hata kumgusa kidole. Basi akasimama pale nje ya kioo akamwahidi Bikira Maria wa kijijini kwao: huyu akipona, Agosti yake ya pili atakufuata kwa miguu yake mwenyewe siku ya maandamano, kutoka kisimani mpaka mlango wa kikanisa chako. Asipotembea yeye, njia hiyo nitaimaliza mimi kwa magoti.

Kwao kule, milimani Trás-os-Montes, ahadi ya Bikira haipunguzwi wala haisogezwi mwaka ujao. Yeye alishafanya la kwake. Mtoto yuko hapa, mashavu kama maandazi, anang'ata kifuniko cha chupa.

Shida ni hayo magoti. Graciete husafisha majengo ya ghorofa kule Esch, Luxembourg, na goti lake la kulia, kwa maneno ya daktari, limebaki jina tu. Njia ya kutoka kisimani ni mawe matupu.

"Ukishuka pale chini, mama, huinuki tena," Rogério alishamwambia. "Tutakurudisha Luxembourg juu ya paa pamoja na masanduku."

"Sitashuka. Mtoto atatembea."

Alilisema hilo kama mtu anayesema kesho ni Jumapili.

Basi Ulaya yote ikawa uwanja wa mazoezi. Kila waliposimama, Iria alishushwa, na kila aliposhushwa, alisimama. Karibu na mpaka wa Hispania Rogério alimchezea mpira. Iria akaushangilia kwa makofi, akakaa chini. Kwenye kituo cha mafuta karibu na Burgos, jua linachemsha lami, Sónia akaweka simu chini ikiimba wimbo wa bata, akarudi nyuma. Iria akausikiliza wimbo mpaka mwisho, amesimama kwa heshima kama mtu kanisani. Halafu akanyoosha mikono juu.

"Huyu hana tatizo la miguu," Ermelinda akasema, mdomo umejaa katlesi. "Huyu ni malkia."

"Mama mkubwa, usimwite hivyo, atazoea," Rogério akasema.

"Ameshazoea. Muulize Horácio alikuwa anafanya nini nyuma ya gari sasa hivi."

Wote wakageuka. Horácio alikuwa anajipangusa makombo begani, makombo ya biskuti ya mtoto.

"Alinililia," Horácio akasema. "Kwani hapa ni Hispania?"

"Mkate mkavu," Graciete akamhukumu, na kweli hakupata katlesi mpaka jioni.

Walipovuka kuingia Ureno, Rogério akapiga honi ndefu kama wapigavyo wote wanaorudi nyumbani Agosti, magari ya mbele na ya nyuma yakaitikia, na Iria ndani ya kiti chake akacheka mpaka akapata kwikwi. Graciete akamtazama, akaifunga skafu yake vizuri. Alikuwa na raha. Mtu angemuuliza, angesema mambo yote yako sawa, bado kidogo tu.

Siku ya maandamano jua lilitoka na hasira zake. Watoto wote wa kijiji walivalishwa kimalaika, kanzu nyeupe na mabawa ya manyoya halisi. Iria naye akavalishwa. Wakamsimamisha kisimani, na kwa mara ya kwanza tangu safari ianze akashindwa hata kusimama: mabawa yalimvuta nyuma, akakaa pu.

"Yatoe," Graciete akasema.

"Malaika bila mabawa?" Ermelinda akauliza.

"Anakwenda kwa miguu. Mabawa ya nini?"

Sónia akayafungua. Bendi ya matarumbeta ikaanza. Wanaume wakaiinua sanamu ya Bikira na jukwaa lake mabegani, maua yakitikisika, na kijiji kikaanza kupanda taratibu. Graciete akamshika Iria mkono. Iria akakunja miguu, akabaki ananing'inia kwenye mkono wa bibi yake kama mfuko wa sokoni. Bibi akamwachia. Iria akasimama. Akanyoosha mikono juu.

Watu wakaanza kuwapita. Wanawake wenye mishumaa wakapita. Padri akageuza shingo kidogo, akaendelea. Majirani walioijua ahadi, na nani asiyeijua, wakapunguza mwendo ili waone. Mgongo wa Bikira ulikuwa unakwenda mbali, vazi la buluu likipanda na kushuka juu ya vichwa.

Graciete akampa Sónia mkoba wake. Akashika sketi yake magotini, akaivuta juu kidogo.

"Mama, usithubutu," Sónia akasema kwa sauti ya chini, na sauti hiyo haikuwa ya mkwe, ilikuwa ya binti. "Nakuomba. Mimi mtoto wangu ninaye. Na wewe nakutaka."

"Ahadi ni yangu, mwanangu."

"Basi nipe mimi nipige magoti. Mimi ndiye mama yake."

Graciete alikuwa anamtazama Iria, na Iria alikuwa anatazama mikono. Mikono ya bibi, ya mama, ya Rogério aliyekuwa anatokwa jasho la woga, ya Horácio. Kila upande palikuwa na mikono, imezunguka karibu kama ukuta. Atakwenda wapi mtu ambaye tayari amefika?

"Rudini nyuma," Graciete akasema. "Wote. Nyuma ya mtoto, asiwaone."

Akatembea yeye peke yake mbele, hatua za kutosha, akageuka. Akamwangalia mjukuu wake, akafungua mikono. Sasa alikuwa amempa Bikira mgongo, jambo ambalo hakuna mtu anayelifanya pale, hata walevi hawafanyi. Kijiji kizima kilivuta pumzi.

"Graciete," Ermelinda akasema, "unampa Bikira kisogo."

"Nitaongea naye tukifika. Sasa hivi nina kazi na huyu."

Iria akaiona mikono. Ilikuwa mbali. Akatazama pembeni, hakuna mtu. Akatoa sauti ya kulalamika kidogo, akanyanyua mguu wa kulia juu sana, kama anaingia kwenye beseni, akauweka juu ya jiwe. Halafu wa pili.

Alipokaribia, bibi yake akarudi nyuma. Iria akakunja uso. Akaongeza mguu.

Hivyo ndivyo walivyopanda, bibi kinyumenyume, mtoto akimfuata kwa hasira. Na kwa kwenda kinyumenyume, nani angemweza Graciete? Ngazi za Esch husuguliwa kuanzia juu, unashuka mgongo mbele, kisigino kinatafuta njia chenyewe, na miaka yote hiyo hajaanguka.

"Kushoto kidogo, Graciete," mwanamke mmoja mwenye mshumaa akasema.

"Kuna shimo hapo, piga hatua ndefu."

"Sasa nyoosha tu, dada, nyoosha."

Njia ikawa inafunguka nyuma yake. Aliyekuwa mbele alihama, aliyekuwa pembeni alimwelekeza. Rogério alikuwa analia wazi wazi bila kujifuta. Iria alikaa chini mara moja, akatafakari, akajiinua mwenyewe makalio kwanza, akaendelea. Bendi ilipofika juu ikanyamaza, na ukimya ukashuka njia nzima mpaka zikasikika soli za viatu vile vidogo, tap, tap, juu ya mawe.

"Graciete," Ermelinda akasema, na safari hii ulimi haukuwa na pilipili hata punje. "Umefika ngazini. Nyuma yako ni kikanisa. Hajawahi kupanda ngazi huyu."

"Najua."

Iria alikuwa amesimama, nywele zimelowa jasho, mikono imenyooka mbele sasa, si juu. Graciete hakugeuka kutazama. Alinyanyua kisigino chake taratibu, akakipeleka nyuma, akipapasa ukingo wa jiwe la kwanza.