Mlango wa Stoo, Mara ya Kumi na Moja

Siku ya mazishi mkurugenzi alifika amevaa suti nyeusi, akapenya katikati ya waombolezaji mpaka alipoketi mama wa marehemu, akapiga magoti mbele yake. Hakuna aliyemlazimisha. Alimshika mikono yote miwili akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kwa watu waliosimama nje ya uzio:

"Mama, mchezo wetu ukifika mwisho hupita majina ya wote walioutengeneza. La kwanza litakuwa la mwanao. Nakupa neno langu mbele ya hawa wote."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakujua kwamba michezo ya video ina majina mwishoni. Lakini tangu siku ile akawa anamwuliza binti yake kila Jumapili, "Bado haujatoka?" kama mtu anayeulizia mgeni aliyeahidi kuja.

Binti mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa kampuni hiyohiyo. Kazini walimwita Jicho, maana kazi yake ilikuwa kucheza mchezo kutwa nzima akitafuta kasoro: ukuta unaopitika, farasi anayetembea kinyumenyume, mchuuzi aliyekwisha kuuawa ambaye bado anapunguza bei. Akiona kasoro anaandika ripoti. Mafundi wanarekebisha, kisha yeye aliyeripoti anarudi kuhakikisha, na ndipo anafunga ripoti.

Mdogo wake, huyo waliyemzika, walimwita Masikio. Yeye ndiye aliyetengeneza sauti zote za mchezo isipokuwa za waigizaji. Nyayo za askari zilikuwa viatu vya marehemu baba yao vikitembezwa ndani ya sanduku la kokoto. Mifupa inayovunjika ilikuwa karoti. Milango alikwenda kuirekodi nyumbani kwa mama, mmoja baada ya mwingine, mama akilalamika kwamba anamlegezea bawaba.

Kabla ya kila sauti alitamka ni sauti gani na ni mara ya ngapi, ili baadaye asipotee katika mafaili yake. Mafundi sauti wote hufanya hivyo, kisha hukata yale maneno kabla ya kukabidhi kazi. Wengine hutaja namba tu. Masikio, kitinda mimba asiyetaka mtu asahau kwamba yeye ni kitinda mimba, alijitangaza kama mfalme. "Kitinda mimba wa mama, mlango wa chooni, mara ya nne, na dada ananikodolea macho."

Alikufa wiki saba kabla ya mchezo kutoka. Mapafu. Wiki zake za mwisho alikohoa kati ya sauti na sauti, akisubiri kikohozi kitulie ndipo abonyeze kitufe, kwa sababu mkurugenzi alikuwa amewaambia wakaze buti, kupumzika kutakuja. Jicho alimwambia aende nyumbani akalale. "Nimebakiza milango tu, Dada," alijibu.

Orodha ya majina ilibandikwa kwenye jiko la ofisi, juu ya birika la umeme. Jicho aliisoma akiwa na kikombe mkononi. Aliisoma tena kuanzia chini kwenda juu, jinsi anavyokagua kitu anachokishuku. Jina la mdogo wake halikuwa la kwanza. Halikuwamo kabisa. Paka wa mkurugenzi alikuwamo, chini ya kichwa kilichosema "Waliotutia Moyo."

Mchana huo waliitwa kikao, kwa kuwa mchoraji, rafiki mkubwa wa Masikio, alikuwa ameichana orodha ukutani na kwenda nayo mpaka kwa mkurugenzi. Sasa ilikuwa mezani, na mkurugenzi alikuwa akila biskuti juu yake. Kila alipotaka kugeuza ukurasa alilamba kidole kwanza.

"Tuzungumze kama watu wazima," alisema. "Dada wa utumishi, wasomee kanuni."

Dada wa utumishi aliisoma bila kuinua uso. Anayewekwa kwenye orodha ni yule aliye mwajiriwa siku mchezo unapotoka. Aliyeondoka kabla, kwa sababu yoyote ile, hawekwi.

"Kwa sababu yoyote ile," mkurugenzi alirudia, akifuta makombo. "Sikuiandika mimi jana. Ipo miaka."

"Masikio hakuondoka," mchoraji alisema. "Alikufa."

"Ndiyo, na inauma. Lakini kuna watu kumi na wanane walioacha kazi katikati. Nikimweka mmoja, kesho hao wote wako mlangoni. Haki ni kanuni moja kwa wote."

"Basi waweke wote. Walifanya kazi au hawakufanya?"

Fundi wa programu, mtu mpole ambaye kwa kawaida hakufungua mdomo mikutanoni, alikohoa kidogo. "Mimi nilikotoka nilifanya miaka miwili na nusu, nikaacha mwezi mmoja kabla. Sikuwekwa. Nilinung'unika, nikazoea. Ndivyo kazi hii ilivyo, jamani."

"Kwa hiyo wewe ulitemewa mate, basi na mwenzio atemewe?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema hivyohivyo, ila kwa adabu." Mchoraji alivuta orodha kutoka chini ya biskuti. "Huyu hapa ni nani? Askari wa daraja. Mwigizaji aliyekuja asubuhi moja akasema 'simama hapo', akanywa chai yetu, akaenda zake. Yumo. Hata siku moja hajawahi kuwa mwajiriwa."

"Hao wana mkataba wao," dada wa utumishi alisema. "Waigizaji walitubana kupitia chama chao. Sauti yoyote ya mtu inayosikika kwenye mchezo, lazima mwenyewe atajwe. Hata ikiwa ni neno moja."

"Na paka? Naye alitubana?"

Wawili watatu walicheka, kisha wakamtazama Jicho wakanyamaza. Yeye alikuwa akiutazama mdomo wa mkurugenzi, na kipande cha biskuti kilichoganda pembeni mwake.

"Bosi," alisema, "ulimwambia mama yangu kwa kinywa chako. Ulipiga magoti."

Mkurugenzi alishusha sauti. Alikuwa na sauti maalumu ya mambo kama haya, laini kama mafuta ya nywele. "Dada yangu, siku ya msiba mtu husema mengi. Ni uchungu. Mama ni mtu mzima, ataelewa."

Kikao kikaisha hapo. Watu walitoka mmoja mmoja wakijifanya wana simu za kupiga.

Siku nne kabla ya mchezo kutoka, Jicho alikuwa kwenye ngome iliyo nyuma ya maporomoko ya maji, sehemu ambayo wachezaji wengi hawafiki. Kazi yake ilikuwa kufungua kila mlango. Wa kwanza ukalia kama kawaida. Wa pili ukalia. Alipousukuma wa tatu, kabla bawaba hazijalia, mtu alimsemesha masikioni:

"Kitinda mimba wa mama, mlango wa stoo, mara ya kumi na moja. Mama, usigombe, namaliza." Ikafuata pumzi iliyozuiliwa, ya mtu anayebana kikohozi. Kisha mlango ukafunguka.

Ilikuwa sauti ya mdogo wake. Masikio, ambaye hakuwahi kusahau kukata maneno yake, siku hiyo alisahau. Pengine ilikuwa siku ya homa kali. Jicho alifungua fomu ya ripoti, akaandika mahali na saa, akaifuta. Katika miaka sita ya kazi hakuwahi kuona kasoro akaiacha. Aliiacha hiyo, akaenda kwenye ghorofa ya pili ya ngome, akakagua ngazi.

Mchezo ukatoka. Jumapili alibeba mashine ya kuchezea na santuri ya mchezo mpaka nyumbani kwa mama, akaunganisha kwenye televisheni. Kwanza alimwonyesha majina, kwa kuwa mama ndiyo aliyokuwa akiyangoja. Mama alivaa miwani akasogeza kiti. Yalipita majina mia mbili na kitu, na mama aliyasoma yote kwa midomo, bila sauti, mpaka mwisho kabisa.

"Huyu wa hapa alifanya kazi gani?"

"Huyo ni paka, Mama."

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mtu alipiga magoti," alisema. "Suti ile iliingia vumbi."

Jicho aliuanzisha mchezo, akaenda moja kwa moja mpaka nyuma ya maporomoko, akapita mlango wa kwanza na wa pili. "Sikiliza huu," alisema, akausukuma wa tatu.

Mama hakulia. Aliomba aufunge, aufungue tena. Mara ya tatu alijibu kama alivyokuwa akijibu siku zote, kwa ukali uleule: "Unanilegezea bawaba, wewe." Kisha akaugeuza uso upande wa dirisha.

Kabla ya kuondoka Jicho alichomoa waya wa intaneti nyuma ya ile mashine na kuuweka kwenye droo ya vijiko. Ilikuwa tabia ya kazi tu: kitu kinachofanya kazi usikiache wazi.

Haikupita wiki mbili, wachezaji wakaupata ule mlango. Waliurekodi, wakatumiana. Walitaka kujua kitinda mimba ni nani, na kwa nini alikuwa anabana kikohozi. Mmoja akaandika kwamba alikwenda kumpigia mama yake simu. Kampuni nzima ilizungumzia mlango ule, na Jicho alisubiri kuitwa aeleze kwa nini hakuuripoti.

Hakuitwa. Jumatano mkurugenzi alitoa taarifa kwa umma. Jicho aliisoma akiwa amesimama kwenye korido. Ilisema kwamba sauti ile iliwekwa pale makusudi, kwa heshima ya mwenzao mpendwa, kwa kuwa kampuni yao ni familia. Jina la mwenzao huyo halikutajwa, na chini ya taarifa kulikuwa na picha. Kuanzia Ijumaa, mchezaji ataweza kununua hedifoni kubwa nyekundu za kumvalisha shujaa wake, zikiwa na mkanda wa gundi upande wa kushoto.

Mkanda ule aliufunga Jicho mwenyewe, hedifoni za mdogo wake zilipopasuka.

Alikwenda chooni akatapika. Halikuwa jambo la kusema tu. Alitapika kweli, chai na mkate wa asubuhi, akasukutua kinywa, akatazama maji yakizunguka na kushuka. Walimnyima mstari mmoja wa maandishi kwa kuwa hayupo. Sasa wamemkuta yupo, wamemvua alichovaa na kukitundika dukani. Na mkurugenzi alikuwa ameanza kutembea na kile kisa kama mtu aliyevaa saa mpya, akimsimulia kila mgeni aliyeingia ofisini.

Alirudi kwenye meza yake akaandika ripoti. Aliiandika kama alivyofundishwa, bila neno la ziada.

*Mahali: ngome ya maporomoko, mlango wa tatu. Kasoro: inasikika sauti ya mtu asiyekuwamo kwenye orodha ya waliotengeneza mchezo. Kwa mkataba wa waigizaji, kila sauti ya mtu inayosikika lazima mwenyewe atajwe. Matengenezo: ama aongezwe kwenye orodha, ama sauti iondolewe. Uzito: juu kabisa.*

Nakala aliituma kwa chama cha waigizaji. Kisha alikunja mikono.

Mchoraji alikuja akaegemea meza, akaisoma yote. "Umewashika pabaya, Jicho. Sasa watamweka tu. Ni mstari mmoja."

"Tutaona."

"Watamweka. Mstari mmoja, jamani, hata nyani angeuandika."

Jibu lilirudi baada ya dakika arobaini. Kwa wiki tisa mama alikuwa amengoja neno la mtu aliyempigia magoti, na hawa walihitaji dakika arobaini. *Kasoro imerekebishwa. Sauti imeondolewa, na marekebisho yatatumwa leo kwa intaneti kwenye mashine zote za wachezaji. Bidhaa husika imesitishwa. Asante kwa umakini wako. Tafadhali hakikisha na ufunge ripoti.*

Mchoraji alisoma mpaka mwisho, akasonya, akaondoka.

Utaratibu ni kwamba aliyeripoti ndiye anayehakikisha. Jicho alivaa hedifoni, akaenda nyuma ya maporomoko. Wa kwanza ukalia, wa pili ukalia. Wa tatu ulifunguka ukiwa na sauti ya bawaba peke yake. Aliufunga na kuufungua mara kumi na moja, kwa kuhesabu. Hata ile pumzi walikuwa wameikata.

Hakuifunga ripoti. Aliiacha wazi, akavua kitambulisho cha kazi akakiweka juu ya kibodi, akachukua kikombe chake. Mkurugenzi alikuwa kwenye korido na wageni wawili. Alimnyooshea mkono huku anatabasamu, "Dada yetu huyu hapa, ndiye dada wa yule niliyewaambia." Jicho aliutazama ule mkono, vidole anavyovilamba akitaka kugeuza kurasa, akaupita.

Nyumbani alimkuta mama sebuleni, televisheni inawaka. Kidhibiti alikishika kama mtu anayeshika kifaranga, vidole gumba viwili hewani. Alikuwa amejifunza mwenyewe kutembea mpaka nyuma ya maporomoko. Ilimchukua asubuhi nzima, alisema, na alianguka majini mara nyingi.

"Wameitoa sauti yake, Mama. Kwenye mashine zote."

"Na hii?"

Jicho alivuta droo ya vijiko. Waya wa intaneti ulikuwa palepale alipouweka.

"Hii hawaifikii bila waya."

"Basi kaa," mama alisema, "na upunguze kelele."

Akausukuma mlango wa tatu.