Mstari wa Mkono Ukutani

Fundi alipougonga ukuta wa jikoni kwa kifundo cha kidole, mara tatu juu na mara tatu chini, Mama Mwiko aliacha kumenya vitunguu akatega sikio. Hakumpenda fundi huyu tangu alipoingia. Mtu gani anatembea na timazi mfukoni, kamba yake na kichuma chake, na akikaribishwa chai anaitoa kwanza apime kama mguu wa meza umesimama wima? Watu walimwita Fundi Timazi, naye akalipokea jina hilo kama cheo.

"Huu haubebi paa," fundi alisema. "Mkiuondoa leo, nyumba haitikisiki."

"Si nilikwambia?" mwana wa Mama Mwiko alimnong'oneza mkewe kule sebuleni, na mama mtu akasikia kila neno.

Masikio yalikuwa mazima. Macho ndiyo yaliyomgeuka. Kwa mwaka mzima sasa palikuwa na kiwingu katikati ya kila alichokitazama, hata akimwangalia mtu usoni alibaki na masikio na nywele tu. Daktari alimwambia hakuna dawa ya kuyarudisha. Mama Mwiko akarudi nyumbani akasema amepewa matone.

Jikoni alipamudu. Kiganja cha kushoto ukutani, hatua nne kutoka mlangoni, jiko la gesi hilo hapo. Alikuwa amepikia wanafunzi mia nne kwa miaka ishirini na mitano, na wao ndio waliompa jina lake, kwa hiyo mikono yake haikuhitaji kuelekezwa na mtu. Ila ukuta aliuhitaji. Ukiondoka, angepapasa hewa mbele ya watu wote. Dada yake mkubwa yalimkuta hayo: siku walipojua macho yamekwisha walimkalisha kitini, wakampa chai nusu kikombe asije akajimwagia, na hakushika kisu tena mpaka alipozikwa. Mama Mwiko alikiogopa kile kiti kuliko kaburi lenyewe.

Aliyemtia shaka zaidi ni mkwe wake. Alikuwa mpole mno, na mtu mpole kiasi kile ana lake jambo. Wiki mbili nyuma, Mama Mwiko alikuta mpira mwembamba umefungwa kwenye kopo la chumvi, ambalo lilifanana na la sukari kama pacha. Akaufungua akautupa. Kesho yake akaukuta tena. Akautupa, ukarudi.

"Nani anafungafunga makopo yangu?" aliuliza.

"Labda panya, Mama," mkwe alijibu.

Panya gani anayefunga mpira? Mama Mwiko hakulala vizuri siku ile. Aliona wazi kwamba anategwa, anapimwa kama ataona au hataona. Na sasa, baada ya paa na sakafu kutengenezwa, ghafla ukuta wa jikoni nao umekuwa kero. Akili yake iliunganisha mambo haraka.

Jumamosi asubuhi wote wanne walibanana jikoni kukata shauri.

"Mama, jiko ni lako," mwanawe alisema. "Ukisema hapana, ni hapana."

Heshima ya ghafla namna hiyo nayo aliitilia shaka. Akasema moshi utaingia kwenye makochi. Mwanawe akasema kutawekwa feni. Akasema wageni wataona masufuria machafu. Mwanawe akacheka: "Tangu lini wewe ukawa na sufuria chafu?"

Fundi, aliyekuwa akichora kwa chaki, akainama. "Hapa pana kitu. Rangi imelika, mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye jiko. Usawa wa kiuno. Hii ni kazi ya mkono, tena wa kila siku. Nani anapapasa ukuta humu?"

Kisu kilisimama juu ya kitunguu.

"Watoto wa dada yangu," mkwe alidakia. "Walikuja likizo."

"Watoto wa kimo hiki?"

"Ni warefu."

Dada huyo wa mkwe alikuwa na mtoto mmoja tu, na huyo bado alikuwa anatambaa. Mwana wa Mama Mwiko alikuwa ameinamia simu, hakulitambua hilo. Mama Mwiko alilitambua.

"Nyie wanaume, nendeni mkanipimie dirisha kwa nje," alisema. Walipotoka, akamgeukia mkwe, akamtazama sikio moja. "Unajua."

"Najua, Mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipompa mgeni chai ya chumvi, ukasema ni dawa ya koo."

Kicheko kilitaka kumponyoka, akakizuia. "Na akanywa."

"Akanywa yote."

"Umemwambia mumeo?"

"Hilo ni lako kumwambia."

"Na ule mpira?"

"Ni wangu. Nilitaka uipate chumvi kwa vidole."

"Sasa kama unanitakia mema, ukuta unaubomolea nini?"

"Mama, humu mnakuwa giza saa sita mchana. Mwanga wote wa dirisha la sebuleni unakomea kwenye huu ukuta. Nimekuona unavyosogeza mchele mlangoni kuuchagua."

Ni kweli, penye mwanga pembe za macho bado zilifanya kazi. Lakini Mama Mwiko hakushawishika upesi. Anayekutunzia siri ndiye huyohuyo anayeweza kuitoa. "Mtanikalisha kitini," alisema.

"Halafu apike nani? Mimi?"

Hilo lilimwingia. Wali wa mkwe ulijulikana nyumba nzima, uji juu, mkaa chini.

Aliwaita wanaume. "Bomoeni," aliamuru. "Ila msishuke chini ya huo mstari."

"Nusu ukuta, Mama?" mwanawe alishangaa. "Kwa nini?"

"Nimesema."

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya nne mwanga ulikuwa umejaa mpaka kwenye masufuria, na Mama Mwiko akaingia peke yake, kiganja juu ya ukingo mpya wa ukuta. Ulikuwa laini, umenyooka. Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne kidole chake kilizama katika kishimo kidogo, saizi ya dole gumba, kilichobonyezwa plasta ikiwa bado mbichi. Akanyoosha mkono wa kulia, akagusa jiko.

Alisimama pale muda mrefu, akiingiza kidole na kukitoa.

Fundi alipokuja kukagua kazi yake alipiga kelele. "Nani kaniharibia plasta? Ukuta mzima nimeunyoosha kwa timazi, halafu mtu anaweka kidole!"

Mkwe, mlangoni, akashika ufagio akaanza kufagia. Fundi akachota saruji kwenye mwiko wake ili azibe.

Mama Mwiko akafunika kishimo kwa kiganja chake. "Kiache hivyohivyo, fundi," alisema. "Labda ni panya."