Muyisa Amefilisika Hadi Lini

Muyisa alifilisika mwaka 1999, na miaka minne baadaye bado alikuwa muflisi, ingawa hakuwa tena na deni la mtu.

Lori lililobeba vitenge vyake lilichomwa na watu wenye bunduki kati ya Kasindi na Beni, mashariki mwa Kongo. Alikuwa amevichukua kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa Butembo, wale wanaochanga pesa na kuagiza kontena pamoja. Kwao hakuna karatasi. Mtu mmoja anakusimamia unapokopa, na huyo huyo ndiye anayerudi mbele ya wenzake kusema, "Mutu wangu amemaliza." Asiposema, hujamaliza.

Aliyemsimamia Muyisa aliitwa Kasonia. Aliuawa njiani kabla deni halijaisha.

Muyisa alilipa hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, kimya kimya, kwa sababu aliona haya. Hapo ndipo alipokosea. Alipomaliza alikwenda dukani kwa Papa Zorobabel, mkubwa wa wafanyabiashara hao, akaomba marobota mawili ya vitenge kwa mkopo, ili aache kubeba magunia ya watu sokoni.

"Mimi ulinilipa, sikatai," Zorobabel alisema. "Mais kila mutu anajua yake tu. Nani atasimama aseme umemaliza?"

"Kasonia alikufa, Papa."

"Tunajua. Tulimuzika."

"Donc hii maneno itabakia juu yangu miaka ngapi?"

"Hapa hatuna kuhesabu miaka."

Phinées, mwenye duka la jirani, alicheka mlangoni. "Enda ungojee kule kiwanja ya ndege ya Rughenda, Muyisa! Pengine ndege itakuangushia marobota!"

Zorobabel hakucheka. "Mujane wake iko Beni. Yeye anaweza kusema pa nafasi ya bwana yake. Umuombe."

Adèle, mjane wa Kasonia, alikuwa akichambua maharagwe mbele ya nyumba ya kaka yake. Alimpa Muyisa kiti na maji, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Papa Muyisa, siku ile bwana yangu alikuwa anaenda wapi?"

"Walisema Mbau."

"Kufanya nini?"

Muyisa hakujua.

"Kuuzisha shamba yetu, juu ya deni yako. Bale bakubwa ya Butembo balikuwa banamubana yeye, hapana wewe. Hakufika."

"Mama, haukuniambia."

"Na wewe haukuuliza. Ulipita nyumba yote ya Butembo ukilipa. Kwangu haukupita hata kusema pole."

"Kwako sikukuwa na deni."

"Eeh. Ndiyo vile unaonaka."

Alitupa jiwe lililokuwa kwenye maharagwe.

"Sitasema umemaliza. Mimi sijamaliza."

Muyisa alipiga magoti kwenye vumbi. Alitaka kusema pole, lakini alijua imechelewa, na kwamba ingesikika kama anaomba tena marobota.

"Simama, Papa. Batu banaangalia."

Alisimama, akarudi Butembo. Hakumwomba mtu mwingine amsimamie, na hakuna aliyejitolea. Asubuhi alikuwa sokoni, gunia mgongoni.

Lori lile lilimgharimu Muyisa duka, viwanja viwili, shamba la kahawa alilorithi kwa baba yake, na jina lake mjini Butembo. Lilimgharimu Adèle mume.