Vinu Barabarani

Lorpu alikunja kitenge chake mara mbili, akakifunga kwenye mdomo wa ndoo, akamimina maji ya kijito taratibu. Tope lilibaki juu ya kitambaa. Maji yaliyopita bado yalikuwa na rangi ya chai.

"Haya ndiyo maji safi, mwanangu," alimwambia mkwewe, Kebbeh.

Mtoto mgongoni mwa Kebbeh alikuwa anaharisha tangu mashine za kampuni zianze kuburuta magogo kupitia kijitoni.

Wanawake wote wa mji walikuwa wamekaa barabarani, kila mmoja na kinu chake. Vinu vilipangwa kutoka ukingo hadi ukingo, na mbele yake yalisimama malori yaliyobeba magogo manene kuliko kimo cha mtu. Kampuni iliahidi kisima kabla ya gogo la kwanza kuondoka. Kilichochimbwa ni shimo lisilofika kiunoni. Watu wa mji wa jirani waliyaachia malori yapite, wakaahidiwa vilevile. Shimo lao sasa ni la vyura.

Mvua iliponyesha usiku, Mulbah, dereva wa lori la mbele, aliwafunika wanawake kwa turubai lake mwenyewe. Lorpu alimpa bakuli la wali.

"Mama, ukiniachia nipite, nakuletea sabuni ya Monrovia."

"Niogee nini, tope? Kula, mwanangu. Na wewe hatuna ugomvi."

Kesho yake mchana, Chifu Zubah alikuja na pikipiki mpya, kiti chake bado kina nailoni ya dukani.

"Mama Lorpu, ondoeni vinu."

"Kisima kwanza, Chifu."

"Kisima kitakuja."

"Kitakuja kwa miguu?"

Wanawake waliangua kicheko. Hata Chifu alitabasamu.

"Mimi siwezi kuwagusa, nyinyi ni mama zetu," alisema. Kisha akageuka kuutazama msitu. "Ila msitu una mwenyewe."

Kicheko kilikatika.

"Hajafa mtu," Lorpu alisema. "Vijana hawajaenda jandoni. Yule wa Msituni anatokea kwa nini leo, mchana huu?"

"Mwanamke unaniuliza hilo?"

Baragumu lililia kati ya miti.

Walikimbia. Vinu viliachwa, chungu cha wali na cha kisamvu vikaachwa mafigani. Lorpu alimvuta Kebbeh hadi nyumba ya karibu, wakajifungia pamoja na wengine, wakaziba dirisha kwa nguo. Huku Lofa, mwanamke akimwona Yule wa Msituni, mzimu wa jando la wanaume, hasikiki tena, na ndugu zake hawamwulizii.

Sauti ilizunguka nyumba. Nje, vinu vilikokotwa juu ya changarawe, kimoja baada ya kingine. Kisha injini zikawaka.

"Mama, anaimba mbele ya malori," Kebbeh alinong'ona. "Kuna ufa hapa. Nichungulie?"

Lorpu alimfunika macho kwa kiganja. "Usiniachie mjukuu bila mama."

Kope za Kebbeh zilipepesa ndani ya kiganja chake.

Malori yalipita, nyumba ikatetemeka, moshi ukaingia chini ya mlango. Moja lilipunguza mwendo, likapiga honi fupi, ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Lorpu alijua ni Mulbah. Kisha nalo likaenda.

Ile sauti ya msituni pia ilinyamaza. Walingoja waambiwe wafungue. Harufu ya wali unaoungua ikaanza kuingia, halafu wakasikia nyayo, mfuniko, na vijiko.

"Mama Lorpu!" Alikuwa Chifu, chakula mdomoni. "Kisamvu chako hakina mpinzani!"

"Tufungue?"

"Bado. Yupo hapahapa."

Lorpu alisikiliza. Hakusikia baragumu wala wimbo. Vijiko vilikuwa vimefika chini ya chungu, vinakwangua. Mtoto alianza kulia.

"Basi mbakizieni mtoto ukoko," alisema.

Nje, vijiko viliendelea kukwangua. Mkono wa Lorpu ulikuwa bado juu ya macho ya Kebbeh.