Kamba ya Kichwani

Bibi Euphan aliandika kadi nane za maziko ya kaka yake kwa mkono wake mwenyewe, na hata moja haikuwa yangu. Kwetu Scotland jeneza huteremshwa kaburini kwa kamba nane, kila kamba na namba yake, na anayepewa ya kwanza, ile ya kichwani, ndiye wa karibu zaidi na marehemu. Ukiishika hiyo, hakuna tena wa kukuuliza wewe ni nani. Nami nilikuwa naitaka, sifichi.

"Ya kwanza nimempa Ranald," alisema, akipuliza wino ukauke.

Ranald! Mjukuu wa binamu yao, ameshuka juzi kutoka Kanada, hata njia ya chooni anaulizia.

"Miaka saba nimemlisha kaka yako, nimemwogesha," nikamwambia. "Huyo Ranald alikuwa wapi?"

"Ulikuwa ukilipwa, Elspet. Nenda kaangalie supu."

Sikwenda. Ukutani nyuma yake ulining'inia mchoro wa ukoo mzima wa akina Kinlarroch, vizazi kumi na vinne. Mle wamo wanaharamu wawili wa mfalme, wameandikwa kwa dhahabu, na wageni huonyeshwa kwa majivuno. Mimi niliyezaliwa ndani ya ndoa, hata kwa penseli simo. Maana ndoa ilikuwepo! Mwaka 1937, kaka yake huyo huyo alisimama jikoni na mama yangu, Jessie mpishi, wakatamka mbele ya mashahidi wawili kwamba ni mume na mke. Sheria yetu wakati ule haikutaka zaidi. Shahidi mmoja alikuwa mzee Dougal, mlinzi wa kulungu wa milimani. Wa pili alikuwa Euphan mwenyewe. Mama amekufa akiitwa mpishi, na Euphan kila akiulizwa husema hakumbuki.

Siku ya maziko mvua ilinyesha ya kuudhi. Nilisimama nyuma na wafanyakazi, kama nilivyoagizwa. Msimamizi wa mazishi akaanza kusoma. Namba moja, Ranald akashika. Namba mbili, Bibi Euphan akashika.

"Namba tatu, Dougal."

Dougal hakusogea. Mikono aliitia mfukoni.

"Dougal, umekuwa kiziwi?" Euphan akamfokea.

"Nasikia vizuri, Bibi. Hata siku ile jikoni nilisikia vizuri."

Namba nne akaitwa, naye mikono mfukoni. Wa tano, wa sita, mpaka wa nane, wote watu wa shambani, wote hivyo hivyo. Na jeneza halishuki kwa kamba mbili.

"Mnamdhalilisha kaka yangu!"

"Unamdhalilisha wewe," Dougal akajibu. "Ulimbusu Jessie siku ile, ukalia kwa furaha. Au hilo nalo hukumbuki?"

Ranald alimgeukia, masikio mekundu. "Ni kweli, Bibi?"

Euphan alimtazama mchungaji, akatutazama sisi, akatazama matope.

"Ilikuwa zamani," akasema.

Basi, hilo tu. Lakini usharika mzima ulilisikia. Ranald akaja mpaka nilipo, akanipa kamba. "Nisamehe, sikujua," akaninong'oneza. Ndipo Dougal na wenzake walipotoa mikono mifukoni.

"Shika vizuri yako, Shangazi," nikamwambia Euphan. Hakuwahi kuitwa hivyo nami.

Nilidhani nitafurahi. Kamba ikanivuta viganja, jeneza likashuka, na hasira ikapanda upya, safari hii si ya Euphan. Euphan alisema uongo, sawa. Na huyu wa ndani ya jeneza je? Miaka saba nimekaa kando ya kitanda chake. Ulimi wa kudai chumvi alikuwa nao. Ulimi wa kunilaumu uji umepoa alikuwa nao. Mgeni akija, nilikuwa "Elspet wa jikoni."

Nikainama juu ya shimo.

"Mdomo ulikuwa nao, Baba," nikasema, kwa sauti, kila mtu asikie.

Kisha nikaiachia kamba.