Pikapu ya Kubicek

Ladimir Kubicek, ambaye sote tulimwita Ladi, hakuwa mtu wa kusifia kitu. Ukimpelekea keki atakwambia imeungua chini. Pikapu yake tu ndiyo aliyoisifia, na kwa namna yake: alikuinamisha chini ya dashibodi, akakuonyesha boliti moja ambayo hakuna jicho lingeifikia, akasema, "Hiyo ndiyo yenyewe." Maana yake alikuwa amezunguka mashamba na majalala ya nusu ya jimbo letu la Nebraska mpaka akapata boliti ya gari kama lile, la mwaka ule ule, 1951.

Ilikuwa Chevrolet ya kijani, yenye injini ya silinda sita. Baba yake aliinunua mpya. Ilibeba nguruwe, ikabeba mahindi, na siku moja barabara zilipofungwa na theluji ikabeba jeneza la bibi yake. Ilipochoka ilisukumwa nyuma ya ghala, ikakaa huko hadi mti ukaota katikati ya sakafu yake. Ladi aliukata ule mti, akaivuta pikapu hadi gereji ya nyumbani kwake, na kila msimu wa baridi alijifungia humo nayo.

Mimi ni Stan Vavra. Nakaa ng'ambo ya barabara, na tulifanya kazi pamoja kwenye maghala ya nafaka mpaka tukastaafu. Kazi yangu gerejini ilikuwa kushika taa na kutukanwa.

"Stan, unamulika dari. Injini iko huku."

"Nilidhani umelala."

"Nikilala utasikia nakoroma kwa Kicheki."

Mkewe Vlasta, kabla saratani haijamchukua, aliandika mlangoni kwa brashi maneno yaliyokuwapo enzi za baba mkwe wake: "Kubicek na Mwana." Mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka, kwa hiyo herufi ya kwanza ililala kidogo. Ladi, ambaye aliwahi kukwangua rangi ya boneti nzima kwa sababu ya unywele mmoja, hakuigusa herufi ile.

Mwanawe wa pekee, Darrell, aliishi mjini Lincoln, na yeye pia alikuwa mgonjwa wa magari ya zamani. Ugonjwa wake ulikuwa mwingine. Aliyashusha hadi tumbo likaribie lami, akayatia injini mpya zenye nguvu, rimu kubwa, viti vya ngozi. Walipokutana Krismasi walichokozana.

"Gari lako limelewa, Darrell. Linatambaa."

"Lako linakohoa, Baba. Lipeleke hospitali."

Watu walicheka, lakini mimi niliwajua wote wawili. Katika miaka yote ya utu uzima wake Darrell hakuwahi kukaza hata skrubu moja kwenye pikapu ile.

Kiharusi kilimpata Ladi wakati wa mavuno. Nilimkuta ameanguka bustanini, mdomo umekwenda upande, mkono na mguu wa kushoto havina habari naye. Walimpeleka Lincoln, na kutoka hospitali akahamishiwa kituo cha mazoezi ya viungo, akapitisha huko msimu wote wa baridi akijifunza kutembea kama mtoto.

Kabla theluji haijaanguka Darrell alikuja na trela. Nilivuka barabara nikiwa bado na kikombe cha kahawa mkononi.

"Unaipeleka wapi?"

"Kwangu, mzee Stan. Nataka kumtengenezea." Alikuwa na uso wa mtu aliyeamka na furaha. "Daktari kasema mguu wa kushoto hautakanyaga klachi tena. Basi namwekea gia za otomatiki, injini mpya, usukani mwepesi wa kuzungusha kwa mkono mmoja. Akirudi aingie aende."

"Umemuuliza?"

"Zawadi mtu anaulizwa?"

"Baba yako anaulizwa, hata kama ni soksi."

Akacheka. Nikamwambia, kama huna budi, ile injini itoe, ipake mafuta, uiweke pembeni. Usiipoteze. Akasema, "Nitaiweka." Alisema vizuri, akinitazama machoni, na naamini siku ile alikusudia hivyo.

Alifanya kazi miezi yote ya baridi, kila jioni baada ya kazi na kila Jumapili. Mkewe Kristi aliniambia baadaye kwamba alikuwa anakula amesimama. Alikata chesisi, akakata ukuta ulio mbele ya dereva ili injini ya silinda nane iingie, akaondoa springi za zamani akaweka mifuko ya upepo ya kuishusha na kuipandisha. Akaikwangua hadi chuma kitupu, akaipuliza rangi ya shaba inayometameta. Ilikuwa kazi safi. Nasema hivyo kwa sababu lazima haki itendeke: sijaona kazi safi kama ile kutoka kwa fundi asiyelipwa.

Ladi alirudi mahindi yalipokuwa yanapandwa. Kristi alioka kolache, yale maandazi ya Kicheki, za mbegu za mpopi na za aprikoti, majirani wakaja, na pikapu ikasimama uani imefunikwa shuka. Ladi alishuka kwenye gari la Kristi na fimbo yake ya miguu minne. Akaiona ile shuka. Nilimwona akitazama umbo chini yake, jinsi lilivyolala karibu na ardhi kuliko inavyopaswa, na nikajua ameshajua.

Darrell akavuta shuka. Watu wakapiga makofi.

Ladi alizunguka gari polepole. Alipofika mlangoni alisimama. Palikuwa laini, shaba tupu, pameng'aa hata ukaona uso wako. Akapitisha kidole mahali yalipokuwa maandishi, kama mtu anayepapasa ukuta gizani kutafuta swichi.

"Imeng'aa," alisema. Maneno yalikuwa bado mazito kinywani mwake.

"Subiri uisikie, Baba." Darrell akamwekea ufunguo kiganjani. "Mguu wa kulia tu. Klachi hakuna."

"Injini iko wapi?"

"Ipo, fungua boneti uione, ni—"

"Injini yangu."

Darrell akamtazama Kristi, kisha akatazama chini. "Ilikuwa imechoka, Baba. Rafiki yangu ninayetumia karakana yake alihitaji nafasi. Mtu wa vyuma chakavu alikuwa anapita."

"Iliwaka kila asubuhi," Ladi akasema.

Ladi akamrudishia ufunguo, akampa mkono wa kulia, akautikisa kama mtu anayeagana na wakala wa bima. "Asante kwa kazi yako," akasema, akaingia ndani. Wageni tulibaki na kolache mikononi. Kristi alianza kukusanya sahani ambazo hazijaliwa.

Siku iliyofuata Ladi alinipigia simu mara mbili na kukata, ishara yetu ya zamani ya kunitaka niende. Nilimkuta amevaa koti, amekaa barazani.

"Nipeleke Lincoln. Kwa yule wa vyuma."

"Ladi, ni miezi sasa."

"Utanipeleka au nitembee?"

Nikampeleka. Mwenye jalala alikuwa mtu mstaarabu. Alituacha tupite kwenye vilima vya kutu, Ladi akiburuta mguu matopeni, akisimama kila alipoona injini, akiinama kusoma namba. Mwisho yule bwana akaona huruma, akasema wazi: mzigo wa msimu wa baridi ulishapondwa ukaenda kuyeyushwa. Ladi akaitikia kwa kichwa. Njiani kurudi, tulipopita mto, nilianza mimi.

"Alitaka uendeshe," nikasema. "Mpe hilo tu."

"Mimi nilimwambia nataka kuendesha?"

"Ulitaka nini basi?"

"Kukaa humo. Ninuse. Nisome mlango wangu." Akageukia dirishani. "Kuendesha nimeendesha sana."

Darrell alirudi mwisho wa wiki. Nilikuwa nakata nyasi za Ladi, nikazima mashine nilipowaona uani wamesimama, pikapu katikati yao.

"Chukua gari lako," Ladi alimwambia.

"Ni lako, Baba. Nimekutengenezea wewe."

"Langu uliliyeyusha. Hili ni lako, jipya. Lichukue kabla mvua haijalinyeshea."

"Unajua nimefanya kazi kiasi gani? Unajua kila usiku nilikuwa nawaza, safari hii hatapata kasoro?"

"Sijaona kasoro."

Hilo lilimuumiza kuliko tusi. Sauti ya Darrell ilipanda. "Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliharibu uzi wa boliti moja, boliti moja tu, ukaninyang'anya spana. Hukunirudishia mpaka leo."

"Uliharibu uzi kwenye kichwa cha injini."

"Nilikuwa mtoto."

"Boliti haijui umri."

Darrell akasema taratibu, na nilitamani mashine yangu ingekuwa inanguruma nisisikie, "Mlangoni palikuwa pameandikwa 'na Mwana.' Nilikuwa nadhani ni mimi. Nilidhani hivyo hadi nilipokuwa mtu mzima na nikaona picha ya babu amesimama kando ya maneno yale yale, wewe mtoto begani kwake. Mwana ulikuwa wewe. Hata hapo sikuwamo."

"Mama yako ndiye aliyeandika," Ladi akasema. "Kwa mkono wake mgonjwa. Wewe ukatia msasa."

Rangi ilimtoka Darrell usoni. Nafikiri alikuwa hajui. Nafikiri alidhani ni maandishi ya zamani ya fundi fulani. Angeweza kuambiwa wakati wowote kwa miaka mingi, na hakuna aliyemwambia. Akapanda kwenye pikapu, ikaguna kwa nguvu, ikajiinua kwa upepo wake, akaondoka. Ladi hakuitazama ikienda. Alikuwa anatazama doa la mafuta ambalo gari la zamani lilikuwa limeacha kwenye saruji.

Kiangazi hicho pikapu ya shaba ilishinda tuzo kwenye maonyesho mawili. Kristi alinitumia picha. Darrell ameshika kikombe na hacheki. Vuli ilipoingia akaiuza kwa mtu wa Texas, na nikasikia kwamba mtu yule aliipaka rangi nyeusi.

Ladi, kwa upande wake, alinunua injini ya silinda sita kutoka kwa mjane mmoja wa huku karibu na mji wa Crete. Gari hakuwa nalo. Tuliifunga kwenye stendi katikati ya gereji tupu, akaanza kuifungua kwa mkono mmoja, akibana vitu kwa goti na kwa meno. Nilishika taa. Hakunitukana tena, na jambo hilo halikunifurahisha.

Siku ya Shukrani, sikukuu ya Novemba, Darrell na Kristi walikuja na bata mzinga. Kabla ya chakula Darrell alitoka peke yake, akaenda gerejini. Mlango ulikuwa na kufuli jipya. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni: alilishika, akaliachia, kisha akachungulia kwenye kioo kwa viganja viwili kando ya macho. Alikaa hivyo muda mrefu. Bila shaka aliiona injini, imepakwa rangi ya kijivu, plagi zake sita zimepangwa.

"Mfungulie," nikamwambia Ladi. "Mpe hata msasa."

"Ufunguo umepotea."

Ulikuwa shingoni mwake. Kamba yake ilionekana kwenye ukosi wa shati.

"Ladi."

"Kula, Stan. Bata amekauka lakini ni chakula."

Darrell aliingia, akanawa mikono ingawa haikuwa na uchafu, akaketi. Kristi aliomba sala. Walipitishiana viazi, wakasema "tafadhali" na "asante" kama watu waliokutana kwenye treni.

Hawakukosana zaidi ya hapo. Kila Jumapili Darrell anapiga simu baada ya kanisa, na Ladi anapokea. Mara nyingi mimi nipo, nasikia upande mmoja. Anamweleza mvua imenyesha kiasi gani, mahindi ya nani yameota vibaya, bei ya soya ikoje. Anamuuliza kama Lincoln kuna baridi. Kisha wote wawili wananyamaza, simu ikiwa hewani, mpaka mmoja wao anasema haya basi, na mwingine anasema haya.