Kinywaji cha Mwisho cha Symphorien

Jumamosi asubuhi, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya baa moja ya St Marys, huko ughaibuni, Chibalonza alikunja kitambaa akakisukuma chini ya mguu wa meza ili isicheze. Kisha akapanga vikapu vyake, vikubwa nyuma na vyenye vifuniko mbele. Kushoto kwake mzee wa Kizungu aliuza sabuni za maziwa ya mbuzi. Kulia alikuwa Concilie, Mrundi aliyeimba naye kwaya, na aproni zake za kitenge. Waandaaji wa tamasha la bia walipenda vibanda vya kazi za mikono, maana mtu akichangamka hununua.

Chibalonza alivaa nguo nyeusi. Alivaa nyeusi tangu rafu ya ghala kule Seven Hills ilipomwangukia na kumuua mume wake, Symphorien, na muda wa kuzivua ulikuwa umepita zamani.

"Mama Ornella, hizo nguo zitaota mizizi," Concilie alimwambia. "Tutakuogesha lini?"

"Bado."

Kwao, mjane humaliza kilio kwa kuogeshwa mbele ya watu. Kabla maji hayajamgusa, husimama akasema mume wake aliondokaje. Hapo ndipo Chibalonza alipokwama. Glenn, msimamizi wa ghala, aliandika kwamba Symphorien alikuwa amelewa kazini, kwa kuwa chupa ya pombe ilikutwa karibu naye. Kanisani walisema tusihukumu, kwa sauti za watu waliokwisha hukumu. Chibalonza hakuweza kumtetea. Katika kambi ya wakimbizi, kabla ya ubatizo, Symphorien alikuwa mlevi wa kuuza sufuria. Na hospitali iliporudisha koti lake, Chibalonza alijifungia bafuni akalinusa, akasikia harufu kali. Hakumwambia mtu. Hakutaka kusimama mbele ya watu akadanganya, na ukweli hakuujua.

Mchana, Kiprono, kijana wa Eldoret aliyesimamia pipa la bia nyeusi, aliwaletea glasi iliyojaa.

"Mathe, hii ni ya wenye vibanda. Ni bure, usiniangalie hivyo."

Chibalonza alishukuru, akaiweka kando ya vikapu kwa adabu tu.

Symphorien alitokea upande wa vyoo, amevaa fulana yake ya kazi inayong'aa, akipenya kwenye foleni na kuomba radhi. Bega lake la kushoto lilikuwa bado limebonyea. Alivuta stuli akaketi.

"Shemeji, karibu," alisema Concilie. "Safari?"

"Treni imetusimamisha Blacktown." Akamgeukia mkewe. "Umenenepa."

"Nimekonda."

"Basi ni hizo nguo." Akaitazama meza, akakunja uso. "Nani anaweka bia karibu na vikapu? Ikimwagika, harufu haitoki."

Akainyanyua glasi aisogeze. Bia ikaanza kung'aa kutoka chini kwenda juu, povu likazama, na ilipofika ukingo wa meza ilikuwa maji.

Chibalonza aliinama akaitazama. Watu wa kwao wanajua: marehemu akirudi, kinywaji chochote anachokigusa hugeuka kile alichokunywa mwisho. Bibi yake alipozikwa kwao Walungu alirudi mara kadhaa, na kila kikombe kikawa maziwa, pamoja na kahawa ya padri. Aliichukua glasi kwa mikono miwili akaonja. Maji ya vuguvugu, yenye ladha ya kutu na mpira.

"Maji," alisema.

"Ulifikiri nini?"

"Nilifikiri nilichoambiwa. Na koti lilinuka."

"Dawa ya kusafishia sakafu. Madumu yalikuwa juu ya rafu, yakanipasukia." Symphorien alimtazama bila hasira. "Ungeniuliza."

"Ulikuwa umekufa."

"Kweli," alikubali.

Kiprono alinyoosha shingo kutoka kwenye kibanda chake. "Buda, kwa heshima zote, hapa kwa pipa usikaribie. Bosi atanifuta."

Glenn alikuja saa ile ile foleni ilipopungua, amevaa kofia ya jua, na kikombe cha kuonjea mkononi. Alimwona Symphorien, akamsalimu kama mtu anayekutana na jirani dukani. Chibalonza alimpa ile glasi. Glenn alikunywa, akajilamba midomo.

"Hili ni bomba letu," alisema. "Lile la mlango wa nyuma. Nimewaambia mara ngapi walibadilishe."

"Ndicho alichokunywa mwisho," alisema Chibalonza.

Glenn alitazama ndani ya glasi. "Naona. Lakini faili limefungwa, mama. Chupa ilikutwa, nami nikaandika."

"Na rafu?" aliuliza Symphorien. "Bado imeinama?"

"Kidogo. Tumeifunga kamba."

Kisha akachagua kikapu chenye kifuniko, zawadi ya mke wake, akauliza kama kuna mfuko. Ulikuwapo. Chibalonza alimtilia, akamkabidhi.

"Concilie," alisema Chibalonza, Glenn alipokwisha kuondoka. "Tafuta ndoo."

Kiprono alileta ndoo ya barafu, ameijaza bia iliyochuruzika chini ya mabomba, ambayo ingemwagwa hata hivyo. Symphorien alichovya kidole, ikawa maji. Mzee wa sabuni alikata kipande bila kuombwa. Chibalonza akasimama katikati ya uwanja, kati ya walevi na watoto wenye puto, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Mume wangu, Symphorien, aliondoka na maji mdomoni. Hakuwa amelewa."

"Asante, mama," walisema watu wa foleni waliokuwa karibu, wakainua vikombe.

Concilie alimmwagia kichwani. Maji yalinuka kutu, na Chibalonza alicheka yalipomwingia shingoni, kicheko kirefu cha mtu aliyetua mzigo mlangoni kwake. Akavua kitenge cheusi, akafungwa aproni ya manjano.

"Sasa umekonda," alisema Symphorien. Akanyooka, akaenda kuwahi treni.

Jioni vikapu vilikuwa vimekwisha. Chibalonza alirudi nyumbani, nywele zikiwa bado mbichi, akalala usingizi mmoja hadi Jumapili alipopigiwa simu kutoka kanisani kuulizwa mbona kiti chake kitupu.

Jumatatu ghala lilifunguliwa kama kawaida. Mfanyakazi mpya kutoka Villawood alisimama kwenye bomba la mlango wa nyuma, akanywa maji kwa kiganja, akatema kidogo kwa ajili ya kutu, akaingia kufanya kazi chini ya rafu.